Anaishi Peke Yake, Hafanyi Mazoezi, Hafuati Dawa: uchambuzi wa kisa kimoja cha kumbukumbu na mtaa

Kisa hiki ni cha kuunganisha. Hakuna mgonjwa mmoja aliye hivi kama alivyo humu, ila kila kipande chake anakijua mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kliniki ya kumbukumbu. Nimekiunda hivyo ili niyaseme yote bila kumwanika mtu. Tafiti nitakazozitaja ni za kweli.

Mgonjwa

Mjane wa miaka 72, kaletwa na binti yake. Alisoma miaka saba, akafanya kazi kiwandani zaidi ya miaka thelathini, akastaafu. Kwa mwaka mmoja hivi amekuwa akiuliza jambo lile lile mara mbili tatu katika mazungumzo mamoja. Bili moja kailipa mara mbili, nyingine hakuilipa kabisa. Sufuria zimeungua jikoni. Zamani alikuwa mtu wa watu, leo huku kesho kule, na sasa hatoki nje.

Presha ilikuwa 168 kwa 94. Wastani wa sukari wa miezi mitatu ulikuwa asilimia 8.1, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ana kisukari. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Sikio la kulia halisikii vizuri, la kushoto lina afadhali kidogo. Kwenye MoCA, kipimo kifupi cha kumbukumbu na kufikiri, alipata 20 kati ya 30, hata baada ya kuongezewa ile alama moja wanayopewa waliosoma miaka 12 au pungufu. Kwa kawaida 26 na kuendelea ndiyo huhesabiwa salama. Thairoidi na vitamini B12 havikuwa na tatizo. Picha ya MRI ilionyesha mabaka mengi kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, kovu dogo la kiharusi ambacho hakuna aliyejua kwamba kilipita, na hipokampasi, yaani sehemu za ubongo zinazoshika kumbukumbu mpya, zilizosinyaa kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake.

Bado anaoga, anavaa na anapika mwenyewe. Madaktari waliandika: upungufu mdogo wa utambuzi, wenye mchango mkubwa wa mishipa midogo ya damu. Hiyo bado si demensia, yaani kudidimia kwa akili kunakomfanya mtu ashindwe kujitegemea. Alzheimer, ugonjwa unaoua seli za ubongo polepole, haikuondolewa kwenye hesabu, na walifanya vyema kutoiondoa, kwa sababu katika umri huo magonjwa haya mawili mara nyingi hukaa ndani ya ubongo mmoja.

Hadi hapo faili limeandikwa vizuri. Kisha inakuja sehemu ya historia ya kijamii, nayo ina sentensi tatu: anaishi peke yake, hafanyi mazoezi, hafuati dawa. Zote ni kweli. Tatizo langu ni kwamba zinamweleza mama huyu kana kwamba anaishi hewani, na mpango wa tiba uliotokana nazo ukawa wa mtu anayeishi hewani: atembee nusu saa kila siku, ameze dawa bila kukosa, ajichanganye na watu. Akapewa karatasi, akaenda nayo nyumbani.

Alipotembelewa

Mhudumu wa afya ya jamii alimfuata nyumbani wiki chache baadaye, na kwa maoni yangu ziara hiyo ilizaa habari nyingi kuliko MRI. Nyumba iko kama mita arobaini kutoka barabara kuu. Malori hupita usiku kucha, na chumba cha kulala kinatazama barabarani. Hakuna njia ya waenda kwa miguu. Kuna ukingo wa vumbi tu, ambao magari huupanda foleni inapokuwa ndefu. Taa za barabarani nyingi zimekufa. Bustani yenye miti na viti ipo, lakini iko ng'ambo ya barabara, na daraja la kuvukia liko mbali kiasi kwamba hata vijana hawalifuati, hukimbia katikati ya magari. Mwaka uliotangulia jirani wa rika lake aligongwa na pikipiki pale pale ukingoni, akavunjika nyonga, na hakusimama tena.

Sasa soma upya hiyo "hafanyi mazoezi". Mtu ambaye haoni vizuri, na hasikii lori linalomjia kwa nyuma upande wa kulia, ameamua kubaki ndani. Kwa hesabu yoyote ile, ameamua vizuri. Ushauri wa kutembea nusu saa ni ule ule aliopewa mgonjwa mwingine siku hiyo hiyo, anayekaa ng'ambo kwenye kivuli, ila kwa mmoja unadai viatu tu na kwa mwingine unadai ahatarishe nyonga yake.

Hilo la kutembea linaonekana kwa macho. Kuna mawili yasiyoonekana upesi: hewa na kelele. Moshi wa dizeli una chembe za PM2.5, yaani zenye kipenyo kisichozidi sehemu mbili na nusu kati ya elfu za milimita moja, ndogo kiasi cha kupenya mapafu na kuingia kwenye damu. Uchafuzi wa hewa uliingizwa rasmi mwaka 2020 kwenye orodha ya vihatarishi vya demensia inayotolewa na tume ya jarida la kitabibu la Lancet. Huko Ontario, Kanada, watafiti waliwafuatilia watu wazima wapatao milioni 6.6, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba waliokaa ndani ya mita 50 kutoka barabara kubwa walikuwa na uwezekano wa kupata demensia uliozidi kwa asilimia 7 kuliko wale waliokaa zaidi ya mita 300. Asilimia saba kwa mtu mmoja ni kidogo, sitaki kuikuza. Lakini haiji peke yake. Barabara inayoleta moshi ndiyo inayoleta kelele, ndiyo inayomfungia mtu ndani, na ndiyo iliyofanya nyumba za pale ziwe za bei nafuu tangu mwanzo.

Kelele za usiku hukatakata usingizi hata pale mtu anapodhani amezizoea. Mwili huzisikia: mapigo ya moyo hupanda, presha hupanda, kisha hushuka, kisha lori lingine. Kwa Ulaya, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Chumba cha mama huyu hakijawahi kupimwa, lakini mhudumu aliandika kwamba ilibidi waongee kwa sauti ya juu dirisha likiwa limefungwa. Daktari alikuwa ameandika kwenye faili "usingizi mbaya, huenda ni wasiwasi wa uzee".

Miaka iliyotangulia

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo visa vya namna hii vinapopotoshwa zaidi. Mtu akiona mtaa mbovu na mzee anayesahau, huunganisha vya leo na vya leo. Ubongo hauendi hivyo. Kovu lile la kiharusi na mabaka yale meupe ni kazi ya miaka mingi, na swali la maana ni presha yake ilikuwa wapi alipokuwa na miaka 45 au 55, kwa sababu presha ya umri wa kati ndiyo inayohusishwa zaidi na demensia ya uzeeni.

Binti alikumbuka. Mama aliambiwa ana presha kwenye upimaji wa kiwandani, siku nyingi zilizopita, akaelekezwa arudi zahanati. Zahanati ya mtaani kwake ilifunguliwa siku mbili kwa wiki, zote za kazi, na kila alipokwenda alipoteza ujira wa siku. Dawa zilipokuwepo alipewa za wiki mbili. Zilipokosekana alielekezwa hospitali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Akajifunza kuzinyoosha: kidonge kimoja kila baada ya siku moja, ili vifike mwisho wa mwezi. Alifanya hivyo kwa miaka, bila siri. Hakuna aliyemuuliza kwa namna ambayo jibu lake lingekuwa jingine zaidi ya "ndiyo, nameza".

Kwa hiyo "hafuati dawa" ni maelezo ya ratiba ya zahanati na ya nauli kabla hayajawa maelezo ya tabia yake. Nayo ina uzito wa moja kwa moja kwenye ubongo. Jaribio kubwa la Marekani lililoitwa SPRINT liliwagawa watu 9,361 wenye presha, wa miaka 50 na zaidi, kwa bahati nasibu: kundi moja namba ya juu ya presha ishushwe chini ya 120, jingine chini ya 140. Matokeo ya upande wa ubongo yalitoka mwaka 2019. Upungufu mdogo wa utambuzi, yaani kile kile alichonacho mama huyu, ulipungua kwa asilimia 19 katika kundi la kwanza. Kwa demensia yenyewe tofauti haikutosha kuthibitishwa, jaribio likiwa limekatishwa mapema. Hata hivyo ni mojawapo ya ushahidi thabiti tulio nao, na unahusu kidonge cha bei rahisi ambacho mtaa mmoja hukipata kila mwezi na mwingine hukipata zahanati inapofunguliwa.

Kuna wenzangu ambao wakifika hapa husema: huu ni umaskini tu, mtaa umeingizwa kama mapambo. Chukua kipato cha mtu na elimu yake, mtaa unabaki hauna la kueleza. Ni hoja ya haki, na haijibiwi kwa huruma. Mwaka 2020 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walichapisha kazi mbili zinazoigusa. Walitumia kipimo cha unyonge wa mtaa kinachojumlisha vigezo 17 vya sensa, vya kipato, elimu, ajira na makazi. Katika kazi ya kwanza walipima ubongo wa watu 951 ambao bado hawakuwa na tatizo la kumbukumbu. Waliotoka kwenye asilimia 20 ya mitaa iliyo nyuma zaidi walikuwa na hipokampasi ndogo kwa asilimia 4.1 na ubongo mzima mdogo kwa asilimia 2. Katika ya pili walichunguza ubongo wa watu 447 waliokuwa wamejitolea uchunguzwe baada ya kufa. Dalili za Alzheimer ndani ya tishu zilipatikana kwa uwiano wa zaidi kidogo ya mara mbili, 2.18, kwa waliotoka kwenye sehemu ya kumi iliyo duni kabisa.

Je, hilo linamaliza ubishi? Hapana. Wanaojitolea ubongo wao si sampuli ya watu wote, na mtu anayeanza kuugua anaweza kushuka hadi mtaa wa bei nafuu, kisha mtaa ukalaumiwa kwa ugonjwa uliomtangulia. Kinachonishawishi zaidi ni kazi ya aina nyingine, iliyofanywa na serikali ya Marekani kati ya 1994 na 1998 katika majiji matano: Boston, Baltimore, Chicago, Los Angeles na New York. Familia za kwenye makazi ya umma zilipigiwa kura. Baadhi zilipata hati ya kuhamia mtaa wenye umaskini mdogo, nyingine hazikupata. Kwa kuwa kura ndiyo iliyoamua, huwezi kusema waliopata hati walikuwa watu wa namna nyingine. Kura hiyo iliwahusu wanawake 4,498, na miaka 10 hadi 15 baadaye wengi wao walipimwa. Kwa waliopewa hati ya mtaa wenye umaskini mdogo, unene uliokithiri na sukari iliyofikia kiwango cha kisukari vyote vilipungua, kila kimoja kwa zaidi kidogo ya asilimia nne za kundi zima. Hawakupewa kidonge wala somo la lishe. Kisukari na unene wote wamo kwenye orodha ya vihatarishi vya demensia, kwa hiyo njia ya kufika kwenye ubongo inaonekana, japo jaribio halikupangwa kwa ajili ya kumbukumbu.

Kuhamishwa

Sasa turudi kwa mama. Binti yake anakaa ng'ambo ya ile barabara, kilomita mbili tatu hivi, mtaa wenye miti, njia za miguu na zahanati ya kila siku. Baada ya ripoti ya mhudumu aliamua jambo ambalo kila mtu aliliunga mkono, madaktari wakiwa wa kwanza: "Mama, utakuja kukaa kwangu." Mama hakubisha.

Ndani ya wiki chache hali ikaharibika. Akawa anaamka usiku akitafuta mlango mahali ambapo hapana mlango. Akatoka mara moja, akapotea mitaa miwili kutoka nyumbani. Akaanza kusema kuna mtu anamwibia vitu. Familia ikadhani demensia imeingia kwa kasi.

Mimi nasoma tofauti. Kule kwake alikuwa akiishi kwa ramani iliyowekwa kichwani kwa miongo. Hakuhitaji kukumbuka duka la dawa liko wapi. Miguu ilikuwa inajua. Ramani ya namna hiyo hudumu hata kumbukumbu mpya zinapokuwa ngumu kushika. Kumhamisha kulimlazimisha ajifunze upya kila kona, kila swichi na kila kabati, akitumia sehemu ile ile ya ubongo ambayo MRI ilikuwa imeonyesha imesinyaa. Ongeza macho yasiyoona na sikio lisilosikia.

Na watu. Faili lilisema anaishi peke yake, na aliyeliandika alimaanisha mpweke. Kumbe jirani wa mlango wa pili alikuwa akipita kila asubuhi, na asipoitikiwa angevunja mlango. Kulikuwa na wanawake waliokutana kushona mara mbili kwa wiki, naye ndiye aliyewafundisha nusu yao. Kwa binti nyumba zina kuta ndefu na mageti, na kila mtu yuko kazini hadi jioni. Huko ndiko alikoanza kuwa mpweke, akiwa na familia. Vipimo vya unyonge wa mtaa huhesabu ajira, kodi na vyeti vya shule. Huyo jirani hahesabiki popote. Hili sisemi ili kuupamba mtaa duni. Kuna mitaa duni ambayo hofu imewafungia watu ndani na hakuna anayemjua mwenzake. Nasema kwamba ni swali la kuuliza kabla ya kufunga mizigo.

Tena faida ya kuhama huja polepole. Wale wanawake wa majiji matano walipimwa baada ya muongo na zaidi, nao wengi walihama wakiwa vijana wenye watoto. Hewa safi na usingizi mzuri ni akiba inayowekwa kwa miaka. Kumhamishia mtaa wa binti mtu wa miaka 40 mwenye presha ni tiba ninayoiamini. Kwa mwenye miaka 72 ambaye tayari anapotea njia, gharama hulipwa leo na faida huenda isimkute. Wapo ambao hawana budi kuhama, na wapo wanaohama vizuri wakiwahi, wakianza kwa siku mbili tatu za kuzoea. Yeye alihamishwa kwa siku moja.

Baada ya miezi minne alirudi kwake. Wizi ukaisha.

Kilichofanyika

Mpango wa pili uliandikwa na mhudumu, daktari na binti wakiwa meza moja. Mtoto wa jicho alitolewa kwanza, jicho moja kisha jingine, kwa kuwa bila macho, hayo mengine yote yangekuwa maneno matupu. Kisha kifaa cha kusaidia kusikia. Kuhusu kifaa hicho ushahidi una pande mbili: jaribio la Marekani lililotoka mwaka 2023, lenye watu 977 wa miaka 70 hadi 84, halikuona tofauti kwa wote kwa jumla, lakini kwa wale waliokuwa na vihatarishi vingi zaidi kudidimia kwa utambuzi kulipungua kwa asilimia 48 ndani ya miaka mitatu. Mama huyu anafanana na hao wa pili.

Dawa za presha ziliunganishwa ziwe kidonge kimoja kwa siku, na akapewa za miezi mitatu. Kisukari kilianzishiwa tiba. Kitanda kilihamishiwa chumba cha nyuma, mbali na barabara. Hilo halikugharimu chochote, na sijui kwa nini halikuwa la kwanza. Mashine ya kupimia presha ilipelekwa kwenye kundi la kushona, ambako wanne kati ya wenzake waligundulika nao wana presha ya juu. Matembezi yanafanyika kwenye uwanja wa shule, asubuhi wanafunzi wakiwa madarasani: una uzio, ni tambarare, na mwalimu mkuu alikubali kwa mdomo tu. Barua kuhusu taa na kivuko ilipelekwa kwa wenye mamlaka ya barabara ikiwa na sahihi ya daktari. Ilipokelewa, ikapigwa muhuri.

Daktari hana pedi ya kuandikia daraja, na ningekuwa mwongo kudai kwamba mpango huu umegusa usawa wa mitaa hii miwili. Umemzungushia mtu mmoja ukuta mdogo dhidi ya mtaa wake. Wale wanawake wanne wa presha ndio pekee ninaowaona kama kinga ya kweli, kwa kuwa wawili wao hawajafika miaka hamsini na mishipa yao bado ina la kuokoa.

Baada ya mwaka na nusu presha ilikuwa 132 kwa 78, sukari asilimia 7, na MoCA 22. Familia ilizishangilia sana zile alama mbili. Mimi nisingezipa uzito: kipimo hicho hupanda na kushuka kwa kiasi hicho bila sababu, mtu hufanya vizuri zaidi anapokirudia, na safari hii alikuwa anaona picha na anasikia maneno anayotakiwa kuyakariri. Ningewaonyesha presha, na kuwauliza kidonge cha mwezi wa nne kitatoka zahanati ipi.